Namna ya kuandika makaburi ya malalo moja mpaka itoke kitabu: mwongozo kamili toka Lubumbashi

Wandugu, jambo yenu. Watu wengi wameniuliza tulifanya namna gani kuandika makaburi ya kipande kimoja cha malalo (fasi ya kuzika watu) hapa Lubumbashi mpaka ikatoka kitabu, na kila mara naeleza nusu nusu kwa telefone, basi leo naandika yote tangu mwanzo. Tulikuwa watu watano, feza kidogo, telefone mbili zenye kamera nzuri, kaye, biki, kamba na siku za kiangazi. Inatosha. Vyombo si shida. Wengi wanakosaka mupango, mutu anaingia na nguvu siku ya kwanza anapiga foto mia mbili, akifika nyumbani hajui tena foto gani ni ya kaburi gani, na wiki yenye kufuata harudi.

Kitu kimoja mukikubali mbele ya kuanza: munaandika makaburi YOTE, na munaandika yenye kaburi inasema, si yenye munafikiri ilipaswa kusema. Kaburi ya marumaru iko na namba yake, na kifusi cha udongo chenye hakina hata kijiti nacho kiko na namba yake. Nitarudilia hii mara mingi.

WAKATI WA KUANZA

Kwetu mvua ikianza mwezi wa kumi na moja, majani inapanda mpaka kifuani na hauoni kitu tena, pia matope inafunika misitari ya chini. Kazi ya kiwanjani ifanye toka mwezi wa tano. Lakini usingoje sana, juu kiangazi kikikaza watu wanachomaka majani na moto unakula misalaba ya miti. Tuliona musalaba umesimama na jina juu yake siku ya posho, siku ya kwanza ya wiki tukakuta makaa.

Alafu kuko tarehe 1 mwezi wa munane, siku ya wazazi. Asubuhi watu wanaenda kusafisha makaburi ya wazazi wao wenye walikufa, kisha wanarudi kusherehekea wenye wangali wazima. Pangeni mumalize muzunguko wa kwanza mbele ya ile tarehe, na ile siku yenyewe muwe pale na kaye. Hakuna siku ingine ya mwaka yenye utapata wenye makaburi wote fasi moja.

RUHUSA, NA WATU WA KUSALIMIA

Andika barua moja, toa nakala: ya burgumestri wa komini, ya biro ya meya yenye inashugulikia makaburi, ya shefu wa kartie, na ya paroko kama ni malalo ya kanisa. Sema ni nani wanafanya, kipande gani, toka siku gani mpaka gani, matokeo itabaki wapi, na andika wazi kwamba hamuchimbi na hamuhamishi kitu. Omba muhuri kwenye nakala yako, ifunge ndani ya plastiki, mutu mumoja wa kundi akae nayo kila siku. Watu wanaogopa, na wako na haki ya kuogopa, juu malalo ingine imekwisha kujengwa nyumba, kwa hiyo mutu akikuona unanyoosha kamba na kupima katikati ya makaburi atafikiri unakata viwanja vya kuuza.

Mbele hata ya burgumestri, mimi ningeenda kusalimia wachimba makaburi. Keti nao, eleza. Wale wanajua mustari gani ulizikwa mwaka gani, wanajua fasi gani watu walizikwa juu ya watu, wanajua kaburi yenye musalaba wake ulihamishwa na maji ya mvua. Patana nao mapema juu ya chakula na transpoti, usiwafanyishe kazi bure.

Na kama maziko inaingia, simamisheni kazi. Telefone mufukoni, kofia chini, musimame mpaka wapite. Usiulize familia yenye machozi tarehe ya kuzaliwa.

KUKATA VIPANDE NA KUTIA NAMBA

Kata malalo vipande ukifuata vitu vyenye havitembei: njia, ukuta, muti mukubwa. Viite A, B, C. Ndani ya kipande chagua kona moja ya kuanzia, hesabu misitari toka pale, na ndani ya mustari hesabu makaburi toka kushoto kwenda kuume, kila mara vile vile. Basi kaburi ya kumi na saba kwenye mustari wa ine wa kipande C ni C-04-17, na ile namba haibadiliki tena milele. Ukivumbua kaburi uliyoiruka, usianze kuhesabu upya, andika C-04-17b na endelea.

Nyosha kamba kwenye mustari wote, hata kama makaburi yamepinda, kamba inakusaidia kuamua hii ni ya mustari huu ao wa pili. Chora karte kwenye karatasi ya vimraba, sentimita 1 kwa mita 2, hivi karatasi moja ya A4 inakula kama mita 40 kwa 55. Chora pia miti, njia, na fasi tupu.

Watu wananiambia tumia JPS ya telefone (yenye inaonyesha fasi uko kwenye karte), itakupa namba ya kila kaburi. Hapana. Telefone nzuri mahali pa wazi inakosea mita 3 mpaka 5, na makaburi yetu yanaachana mita moja ao moja na nusu, itakuonyesha kaburi ya jirani. Piga JPS kwenye kona ine za kila kipande tu, ile ingine fanya na kamba na metre.

Usiandike namba na rangi juu ya kaburi, hata kadogo. Ile si yako. Sisi tulikuwa na ubao mudogo mweusi na chaki, tunauweka kando ya kaburi, tunapiga foto, tunautosha.

KUNAKILI MAANDISHI

Fomu moja kwa kaburi moja. Weka namba ya kaburi, tarehe ya leo, majina ya mwenye kusoma na mwenye kuandika, kaburi imejengwa na nini (udongo, matofali, simenti, karo, marumaru, chuma), urefu na upana, hali yake, uso unaangalia wapi, maandishi yenyewe, na fasi kubwa ya kuandika mengine. Wawili wawili: mumoja anasoma kwa sauti herufi kwa herufi, mwengine anaandika, kisha wanabadilishana, mwenye kuandika anasoma yenye aliandika na mwengine anaangalia kaburi. Inakula dakika tatu zaidi, lakini inakuokoa kurudi.

Andika sawa vile iko. Mwisho wa mustari tia kijiti /, herufi yenye haionekani tia alama ya kuuliza ndani ya mabano [?], neno lote likipotea tia [...]. Kama imeandikwa "NÉ VERS 1931" usiniandikie 1931 peke yake. Ile "vers" iko pale juu familia ilisema karibu, hawakujua mwaka, ukiitosha umewatia uongo kinywani. Kama fundi alikosea akaandika mutu alizaliwa 1987 akakufa 1978, andika hivyo hivyo, weka [hivi] pembeni, na mashaka yako iende kwenye fasi ya mengine. DCD ni kufa, Vve ni mujane, na hizi vifupisho ziache vifupisho.

Kuko kaburi moja ya mutoto yenye ilitufundisha hii kuliko kitu chochote. Ni kipande cha simenti kirefu sawa mukono wangu, hakina karo, hakina rangi. Jina iliandikwa na musumari simenti ingali mbichi, na herufi N zote zimegeuka nyuma. Chini ya jina, alama ya kiganja cha mutu mukubwa, vidole vitano, kidole gumba kimezama zaidi. Mwenzetu mumoja alikuwa amekwisha kuandika jina na N za kawaida kwenye fomu. Tukamuomba afute, achore N sawa vile ziko. Tarehe hatukuiona kabisa, mvua ilikula. Niseme tu kwa sasa tuliandika [...].

FOTO

Foto tatu kwa kila kaburi, na oda ile ile: ya kwanza kaburi yote na ubao wenye namba, ya pili maandishi ya karibu ukisimama sawa mbele yake, ya tatu toka mbali kidogo makaburi ya kando ionekane. Saa sita za muchana jua liko juu na maandishi ya kuchorwa inapotea, bora saa moja mpaka saa tatu ya asubuhi, ao saa kumi, wakati jua linalala na kila herufi inatupa kivuli chake. Kama kaburi inaangalia upande mubaya, chukua kioo cha kujiangalia, kile kikubwa cha kwenye ukuta, mwenzako asimame kwenye jua na atupe mwangaza kwa pembeni juu ya maandishi. Na kama inakataa bado, rudi jioni giza likianza, lalisha toshi karibu kugusa simenti, mwangaza ukimbie juu yake. Utashangaa. Kwenye kaburi tulisema haina kitu tulipata jina nzima.

Yenye haufanyi: brosi ya chuma hapana, javeli hapana, Omo hapana, unga wala chaki ya kujaza herufi hapana, juu vinakula simenti na marumaru ao vinabaki ndani ya vitundu. Maji safi na brosi laini, basi. Zile foto za udongo wa kuchomwa zenye ziko kwenye makaburi ya zamani usizifungue hata kama zinacheza.

Kila jioni, ile ile jioni, badilisha majina ya foto ziwe na namba ya kaburi: C-04-17-1, C-04-17-2. Ukiacha mpaka kesho utaacha mpaka mwisho.

MAKABURI YA ZAMANI NA LUGA ZINGINE

Muji wetu ulianza 1910 na jina Élisabethville, ule mwaka njo reli ilifika toka kusini, kwa hiyo kwenye vipande vya zamani utakuta kingereza cha Rhodesia (leo Zambia na Zimbabwe) kando ya kifaransa, pia Wagiriki na Waitaliani, na Wayahudi wengi wenye walitoka kisiwa cha Rhodes. Usichore herufi zenye haujui. Piga foto nzuri na uipeleke kwa mutu mwenye anasoma. Ila tarehe unaweza kupata mwenyewe: mwaka wa Kiyahudi utoshe 3760, 5700 ilianza mwezi wa kenda 1939, kwa hiyo kuko miezi yenye unakosea mwaka moja ukitosha tu bila kuangalia mwezi. Kwa Waislamu mwaka 1400 ulianza mwezi wa kumi na moja 1979, na mwaka wao ni mufupi na siku kama 11, usihesabu kwa kichwa, tumia jedwali.

Majina ya fasi pia usigeuze. Muji ulibadilika jina kuwa Lubumbashi 1966, kaburi ikisema Élisabethville inasema Élisabethville, na Jadotville usiifanye Likasi. Ile inasaidia hata kujua umri: kaburi bila tarehe yenye inasema Zaïre ni ya kati ya mwezi wa kumi 1971 na mwezi wa tano 1997.

Jina za watu njo fasi yenye kazi ni nzito zaidi. 1972 rais Mobutu alikataza majina ya kizungu, watu wakabaki na jina na postenome (jina ya pili ya kiafrika), basi papa mwenye alibatizwa Joseph akazikwa 1976 bila Joseph, na watoto wake leo wanamutafuta kwa Joseph. Alafu maandiko: Tshibangu, Cibangu, Chibangu ni jina moja. Ngoy, Ngoie, Ngoyi. Mwamba na Muamba, Kyungu na Kiungu. Kwa Excel weka safu mbili, moja jina sawa vile iko kwenye kaburi, ya pili jina ya kutafutia, yenye umechagua andiko moja kwa wote. Sisi kwenye kipande cha kwanza tuliweka safu moja tu na tukanyoosha majina yote kwa andiko letu. Mama mumoja alikuja na karatasi ya mazishi ya baba yake, akatafuta kwa Tsh, hakukuta, akarudi nyumbani na huzuni akifikiri kaburi ilipotea. Ilikuwa pale, chini ya C. Tulirudilia fomu 340 moja moja juu ya ile kosa.

TAREHE MOSI MWEZI WA MUNANE

Ile siku njoo saa kumi na mbili. Meza moja kwenye mulango, karte kubwa ya vipande ukutani, na wawili wakitembea ndani. Salamu kwanza: jambo mama, jambo papa, pole. Waache wang'oe majani, wamwage maji, wasali. Wakipumzika njo unakaribia, unaeleza kazi, unauliza kama wanataka kusema jina ya mwenye amelala pale. Wenye wanakataa, sema aksanti na uondoke. Yenye wanasema iandike kwenye karatasi ya rangi ingine, na jina ya mwenye alisema, juu ukumbusho wa mudomo na ukumbusho wa kaburi ni vitu viwili, kwenye kitabu pia vitatengana.

Kwetu ile siku, saa tatu hivi, papa mumoja wa miaka sabini akaenda moja kwa moja kwenye kile kipande cha simenti chenye N za nyuma, akapiga magoti, akaweka mukono wake kwenye kile kiganja. Ulikuwa bado unaenea. Akatupa tarehe, siku na mwezi na mwaka, bila kufikiri. Tuliiandika kwenye karatasi ya rangi, na kwenye fomu ya kaburi [...] ikabaki.

KULINGANISHA NA REJISTA

Maparokia ya Katoliki wanachungaka rejista ya wafu, na komini iko na vitabu vya etasivili (kuzaliwa, ndoa na kufa). Omba kwa heshima, soma pale pale, usiombe kubeba. Rejista ikisema 14 na kaburi inasema 15, andika zote mbili na useme gani inatoka wapi. Usichague.

KUINGIZA KWA KOMPYUTA

Mustari moja kwa mutu moja, si kwa kaburi moja, juu kaburi moja inaweza kulalisha watatu. Namba ya kaburi inarudilia tu. Tarehe ziandike kama maneno, mwaka-mwezi-siku, 1978-09-04, na uambie Excel safu ile ni maneno, kama hapana itazigeuza yenyewe, na tarehe za mbele ya 1900 haizijui kabisa. Tia safu ya jina, postenome, prenome, jina ya kutafutia, kuzaliwa, kufa, maandishi yote, rejista, mudomo, foto.

Kila jioni nakala tatu: kompyuta, fleshi yenye inalala kwa nyumba ya mutu mwengine, na intaneti siku kuko mega. Umeme wetu munaujua. Na fomu za karatasi usizitupe hata kitabu kikitoka.

VYENYE HAVIINGII KWENYE KITABU

Maandishi ya kaburi ni ya kila mutu mwenye anapita. Lakini makaburi mengi mapya yanaandika majina ya watoto wenye wako wazima, hata namba za telefone, hizo zitoshe kwenye kitabu na uzichunge tu kwenye fomu. Sababu ya kifo usiandike kama si kwenye kaburi. Wakati wa kuhadisia, mutu anaweza kukuambia nani alimuroga nani, ao kiwanja gani kilileta kifo. Funga kaye. Ukichapisha neno kama lile unaweza kuwasha moto kwenye familia ya watu.

KITABU CHENYEWE

Panga makaburi kwa mustari, sawa vile mutu anatembea, si kwa alfabeti. Watu wengi wanafanya alfabeti na wanaharibu kitu cha maana sana, juu nani amelala kando ya nani ni habari: bibi na bwana, ndugu, watoto sita wa mwezi moja. Alfabeti inaenda nyuma, kwenye faharasa, na pale weka maandiko yote: mwenye kutafuta Chibangu aambiwe aangalie Tshibangu, na Joseph naye aingie kama tunamujua kwa rejista. Mbele weka karte, maelezo ya alama zako, tarehe mulifanya kazi, na kurasa mbili tatu za historia ya malalo, usipite hapo.

Na makaburi bila jina yaingie kila moja fasi yake: "C-04-18. Kifusi cha udongo, metre 1,10. Hakuna alama." Printeri wetu alituambia zile ni kurasa za bure, tutoshe tupunguze bei. Tulikataa.

Kwa kupanga kurasa LibreOffice inatosha, kama unajua Scribus ni bora zaidi, zote mbili ni bure. Saizi A5, sentimita 14,8 kwa 21, herufi isiwe chini ya 10 juu wenye watasoma ni wazee. Hesabu mapema: makaburi 1200, kumi na mbili kwa ukurasa, ni kurasa 100, ongeza faharasa kama 25 na mbele 12. Foto za kuchapisha ziwe 300 dpi kwa saizi yake kwenye karatasi, zile zenye zilipita WhatsApp hazifai tena, chukua za kwenye telefone yenyewe. Weka foto za rangi pamoja katikati kwenye kurasa 8 ao 16, ile inashusha bei.

Omba ISBN (namba ya kitabu) na ufanye depo legali (kuandikisha kitabu kwa sheria) kwa Maktaba ya Taifa Kinshasa mbele ya kuchapisha, ile namba inaingia nyuma ya kitabu. Uliza bei kwa maprinteri matatu na karatasi ile ile, na uombe kitabu kimoja cha kujaribu mbele ya kulipa zote. Kifungue mpaka mugongo upasuke: kama ni gundi tupu kurasa zitatoka kwa mwaka moja, lipa zaidi washone na uzi. Chapisha 50 kwanza. Makosa mtayaona siku tano tu kisha kutoka.

Nakala za kwanza ziende kwa wachimba makaburi, komini, parokia, Musée ya Lubumbashi, maktaba ya UNILU (université ya Lubumbashi), na shule ya karibu. Zile zingine uza kwa bei ya printeri na faida kidogo ya kuchapisha tena. Mwisho wa kitabu acha kurasa ine nyeupe zenye mistari na uandike juu yake "Masahihisho", na kila tarehe 1 mwezi wa munane rudi na meza ile ile na kaye ile ile, wenye wamekuta kosa waandike wenyewe na biki yao. Yetu ya mwaka huu iko na mistari 61, makumi ine ni ya vifusi vyenye vilikuwa havina jina.